Bi Makopo na Harufu Asizozisikia

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo uje ukae. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyetutoka wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na sita. Mtaani kwake walimwita Bi Makopo. Ukiuliza jina lake la kwenye kitambulisho, majirani watakuna kichwa. Uliza Bi Makopo, utashikwa mkono mpaka mlangoni.

Makopo yalikuwa arobaini na moja. Makopo ya rangi, ya maziwa ya unga, ya mafuta ya kupikia. Yote aliyatoboa chini mwenyewe, kwa msumari na nyundo ya marehemu mumewe, fundi bomba. Yalikaa uani, nyuma ya jengo la ghorofa tatu, kati ya kamba za nguo na bomba la maji. Ua wenyewe ni hatua kumi na mbili kwa nane. Humo mlikuwa na mchaichai, mrehani, mnanaa, rozmari, giligilani, mshubiri, tangawizi na mingine ambayo hata majina yake yanabishaniwa.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo lililotufanya tuandae kipindi. Bi Makopo hakuwa anasikia harufu. Miaka tisa ya mwisho ya maisha yake hakusikia harufu ya kitu chochote, iwe rozmari, iwe mafuta ya taa, iwe vitunguu vinavyoungua mbele yake. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Mwanamke aliyegawa majani yanayonukia kwa mtaa mzima, yeye mwenyewe hakuyasikia. Na miaka mitatu ya mwanzo hakumwambia mtu.

Aliwezaje? Na kwa nini alificha? Tumemuuliza binti yake, mwoka mikate, ambaye alikaa naye mpaka mwisho. Binti anasema, "Mama alinisimulia yote mwenyewe, pole pole, bila kujipendelea. Kwa hiyo na mimi nitawapa hivyo hivyo."

Basi tuanze kazini kwake.

Bi Makopo alifanya kazi miaka ishirini na tisa katika chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka zinaingia upande huu zimekunjamana, zinatoka upande ule zimenyooka. Joto, mvuke, dawa ya madoa inayochoma macho. Wenzake walimwita Pua. Kwa nini Pua? Kwa sababu angeweza kushika shuka, akalisogeza usoni mara moja, akasema, "Hili la wodi ya watoto," na likawa la wodi ya watoto. Mkanda wa mashine ukitaka kuungua, yeye alijua kabla ya moshi. Msimamizi alikuwa anapaza sauti tangu mlangoni, "Pua, hebu njoo unuse hii kitu!" Naye anakuja, mikono ndani ya aproni, kama daktari bingwa.

Alipostaafu, na mumewe akawa amekwisha kutangulia mbele ya haki, nyumba ilinyamaza. Akaanza na kopo moja la mnanaa. Jirani akaja na mche wa mrehani. Mwingine akaleta shina la mchaichai limefungwa kwenye gazeti. Kabla mwaka haujageuka, ua umejaa. Watu wakaanza kuja. Huyu anataka giligilani ya mboga. Huyu tumbo limejaa gesi. Huyu kikohozi hakimpi usingizi.

Na alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alikuhoji. Umekula nini? Imeanza lini? Una homa? Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hakumpa jani, hata ungepiga magoti. Homa ya siku ya pili alikufungulia geti akakuonyesha njia ya zahanati. "Mimi nina majani," alikuwa anasema, "sina maabara." Akisharidhika, anachuma jani, analisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, analipitisha puani, ndipo anakupa. Kila mara. Hakuna kopo lililokuwa na jina. Jina lilikuwa puani mwake.

Halafu yakaja mafua.

Yalikuwa mafua makali, wiki mbili kitandani. Alipoinuka, asubuhi moja alisimama jikoni anakaanga vitunguu. Binti akaingia mbio kutoka chumbani. "Mama! Vitunguu vinaungua!"

Bi Makopo alikuwa amesimama palepale, mwiko mkononi. Kikaango kilikuwa cheusi. Hakusikia kitu.

"Nilikuwa mbali kimawazo," akasema.

Huo, wasikilizaji wapendwa, ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Alidhani ni wa siku mbili tatu. Kila jioni alichemsha majani ya mkaratusi, akajifunika shuka kichwani, akavuta mvuke mpaka machozi yakamtoka. Mvuke ulimlowesha uso. Harufu haikuja. Mwezi ukapita. Miezi sita ikapita. Alimwomba Mungu amrudishie, na huku akiendelea kusugua majani na kuyapitisha puani mbele ya watu, kana kwamba bado yanamwambia kitu.

Kwa nini hakusema? Binti alimuuliza hivyo hivyo. Alijibiwa, "Mikono imechoka, miguu imechoka, baba yenu ameondoka. Pua ndiyo kazi niliyobaki nayo. Ningesema imekufa, nani angepiga hodi tena?"

Basi akajikaza kisabuni, kama mfuaji. Akayakariri makopo. Safu ya ukutani, safu ya kati, safu ya mlangoni. Mnanaa ni wa tatu kutoka bombani. Mrehani wa pili kutoka mlangoni. Kila asubuhi alipita akigusa kopo moja moja, midomo ikicheza. Majirani walisema, "Anasali yule." Na kweli alikuwa anasali. Lakini pia alikuwa anahesabu.

Iliwahi kumkwama mara moja, na watu walivunjika mbavu baadaye. Ndani ya kopo la mchaichai kulikuwa kumeota majani ya porini, nyasi tu hizi za kando ya barabara. Yeye akakata fungu zima, akapika birika kubwa, akawaita majirani. Watu wanne walikunywa kimya, kwa heshima. Wa tano alikuwa kinyozi wa mtaa huo, na kinyozi hana breki.

"Bi Makopo," akasema, "hii chai umetupikia sisi au umempikia ng'ombe?"

"Wewe kunywa, inasafisha damu."

"Naona. Nikimaliza kikombe, nitaanza kucheua."

Walicheka wote, na yeye akacheka. Lakini moyoni, anasema binti, alipoa kama maji ya mtungi. Maana nyasi hazina madhara. Na uani pale kulikuwa na kitu chenye madhara.

Nieleze vizuri hapa. Kando ya mnanaa alikuwa na mmea wa kufukuzia mbu. Unauponda, unaupaka kwenye fremu ya dirisha, mbu hawasogei. Hauliwi. Haunyweki. Na kwa mwanamke mwenye mimba ni hatari kabisa. Kwa sura, huo na mnanaa ni mapacha. Jani lile lile dogo, meno yale yale pembeni, kijani kile kile. Mwenye pua anautenga bila kufikiri. Asiye na pua anategemea jambo moja tu: kopo liwe mahali pake.

Mwaka wa tatu wa siri hiyo, mwenye jengo alileta fundi rangi apake ukuta wa uani. Ilikuwa asubuhi, Bi Makopo yuko ibadani. Fundi akatoa makopo yote, akapaka ukuta, akayarudisha. Na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye adabu, hakuyarudisha ovyo. Aliyapanga kwa ukubwa, madogo mbele, makubwa nyuma.

Bi Makopo alirudi akamkuta anafuta mikono kwa kitambaa, uso unang'aa.

"Shikamoo, bi mkubwa. Umeona nilivyokupangia? Kama dukani!"

Alitazama ule mstari. "Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki," akasema.

Angeweza kumngoja binti arudi kutoka kwenye tanuri. Angeweza kusema, "Njoo uninusie." Neno moja tu. Hakulisema. Akapanga upya kwa macho. Mingi ni rahisi. Rozmari huwezi kuichanganya na tangawizi. Lakini yale mapacha mawili alikuwa ameyapunguza juzi yake, yamechipua majani machanga, yamefanana kuliko siku zote. Akaamua kwamba mnanaa ni ule wa kwenye kopo lenye kutu mdomoni. Kwa nini? Basi tu. Aliona kama anakumbuka.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alikuja fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mwanamke kijana, mimba ya miezi minne, kichefuchefu hakimwachi. Kliniki walimwambia chai nyepesi ya mnanaa haina neno. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Mtaa mzima ulijua.

"Bi Makopo, nihurumie. Leo hata harufu ya uzi inanitapisha."

"Kaa chini, mama kijacho. Umekula?"

"Kipande cha mkate. Kimekataa kukaa."

Bi Makopo akachuma. Akasugua. Akapitisha puani. Akampa majani, kiganja kizima, amefunga kwenye karatasi. Yule mama kijacho akashukuru, akaondoka zake.

Vidoleni alibaki na jani moja. Akalitia mdomoni, kwa mazoea tu. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Mtu asiyesikia harufu bado anaupata ubaridi wa mnanaa. Ule ubaridi wa ulimi hauhitaji pua. Bi Makopo aliujua, ingawa jana yake hakuwaza kuutumia kama kipimo. Ndio uliokuwa umebaki kumfariji. Akatafuna. Akangoja ubaridi.

Haukuja. Ulimi uliwaka ukali.

Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alimwambia binti yake kwamba alikaa pale kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja. Akajisemea, huenda asiinywe. Huenda majani ni machache. Huenda niende baadaye nijidai nimempelekea mengine mabichi zaidi. Muda wa kitunguu kimoja. "Huo ndio muda ninaouombea msamaha kila siku," alisema. "Kuchanganya majani nilichanganya. Lakini kule kukaa, nilikaa kwa kupenda."

Kisha akainuka.

Alikuwa na goti bovu, linafungwa bendeji. Alitoka na kandambili moja. Nyingine ilibaki uani. Kinyozi akamwona anakatiza barabara, akaita, "Bi Makopo, leo mbio za wapi, za mita mia?" Kinyozi akaweka wembe chini, akamfuata.

Kwa fundi cherehani kulikuwa na wateja wawili wanapimwa magauni. Mashine inanguruma. Kikombe kiko kando ya mkasi, kinatoa mvuke.

"Umekunywa?"

"Shikamoo, bibi. Mbona unahema?"

"Nimekuuliza umekunywa!"

Mashine ikanyamaza. "Mafunda mawili. Chungu. Nikasema labda nimezidisha majani."

Wateja wametoa macho. Kinyozi yuko mlangoni. Bi Makopo akashika kikombe, akakimwaga palepale sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. "Nimekupa jani silo," akasema. "Hilo ni la mbu. Twende hospitali, mwanangu. Sasa hivi. Chukua na hayo majani yaliyobaki."

Hospitali ilikuwa ile ile aliyofulia shuka. Muuguzi akatazama majani, akamtazama mama huyu wa kandambili moja.

"Mama, wewe si Pua wa kule kufulia? Wewe unawezaje kuchanganya hivi? Hukunusa?"

Watu wamejaa kwenye benchi. Fundi cherehani analia kimya. Kinyozi amesimama. Na binti mwoka mikate ndio kwanza anaingia, amepigiwa simu, unga mpaka kwenye viwiko.

"Sisikii harufu," akasema Bi Makopo. "Mwaka wa tatu huu. Andika, muuguzi. Andika kwamba sisikii."

Fundi cherehani alilazwa akaangaliwa mpaka kesho yake mchana. Mafunda mawili yalikuwa machache. Mimba ilitulia. Nasema tena kwa walioshika roho mkononi: mimba ilitulia, na mtoto alizaliwa salama, msichana, analia kwa sauti ya kuamsha ghorofa zote tatu.

Lakini siku ile, kwenye korido, binti alimgeukia mama yake. Anasema hajawahi kumpandishia sauti kabla wala baada.

"Miaka mitatu, mama! Kila siku nakuletea mkate wa moto, unaniambia unanukia!"

"Nilikuwa naukumbuka," mama akasema.

Binti anasema hapo hasira ilimwishia, akabaki amesimama na unga wake.

Wiki mbili Bi Makopo alifunga geti. Alikusudia kung'oa kila kitu. Mmea wa mbu aliung'oa siku ya kwanza, akautia kwenye mfuko wa taka akaufunga mafundo mawili. Mingine alikuwa anaiangalia tu. Siku ya kumi na tano hodi ikapigwa. Nani? Fundi cherehani.

"Nimekuja kuchukua mnanaa."

"Sigawi tena, mwanangu. Mungu alinionya, nimesikia."

"Sijasema unipe. Nimesema nimekuja kuchukua." Akapita, akainama, akachuma jani, akasugua, akanusa. "Huu ndio. Unanuka kama maji ya baridi yakipita puani. Sasa na wewe nionjee kwa ulimi."

Bi Makopo akalitafuna. Ubaridi ukaja.

Hapo ndipo utaratibu mpya ulipoanza, na ndio huo mtaa uliufuata mpaka siku zake za mwisho. Jani halitoki uani bila watu wawili. Mchukuaji alisugue na kulinusa mwenyewe, aseme jina, na aseme linanukaje. Akishindwa, anarudi nyumbani mikono mitupu. Fundi cherehani alishona majina kwenye vitambaa, kila kopo likavaa chake kama mtoto wa shule ya awali. Na Bi Makopo, aliyesoma mpaka darasa la nne, akamwambia binti anunue daftari. Kwa nini daftari? Kwa sababu alikuwa na hamu. Zile harufu zilikuwa zimemtoka, lakini watu walikuwa nazo. Akaanza kuziulizia.

"Hebu niambie rozmari inanukaje. Usiniambie inanuka vizuri, hilo najua."

Kinyozi alisema rozmari inanuka penseli iliyochongwa sasa hivi. Fundi rangi, ambaye alikuja kuomba radhi akaondoka na fungu la mrehani, alisema mrehani unanuka kama karafuu iliyooga. Mtoto wa ghorofa ya pili alisema mchaichai unanuka mgeni. Mgeni gani? "Mgeni akija mama anafungua sabuni mpya." Bi Makopo alicheka mpaka akashika goti. Liandikwe! Likaandikwa. Miaka sita, daftari tatu. Daktari alimwambia wengine pua hurudi, wengine hairudi. Yake haikurudi. Lakini jioni alikuwa anafungua daftari, binti anamsomea, naye anaitikia kwa kichwa pole pole, "Ndiyo, ndiyo. Ndivyo ilivyokuwa."

Moyo wake ulisimama asubuhi moja, mapema, amekaa uani kwenye kiti. Binti alikuwa bado kwenye tanuri.

Kwa binti yake, kwa mwanawe aliye mbali, kwa wajukuu, kwa fundi cherehani na mtaa wote, tunasema poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pema. Na wewe unayetusikiliza, kaa na swali hili baada ya redio kuzimwa. Kuna upungufu gani unaouficha, ambao mwenzako anautegemea bila kujua? Mwambie. Mwambie kabla hajaweka maji jikoni.

Bado jambo moja. Baada ya mazishi, watu walikusanyika uani. Binti akasema kila mtu afumbe macho, anuse, na kopo atakalolitaja jina ndilo lake. Makopo yakaanza kuondoka. Binti wa fundi cherehani, ana miaka mitano sasa, alifumba macho mpaka pua ikakunjamana, akasema, "Mnanaa," akabeba kopo kubwa kuliko tumbo lake.

Likabaki moja. Kopo la maziwa ya mtoto mchanga. Lina mmea mfupi, majani yana manyoya laini kama sikio la sungura, na ua jeupe dogo. Halina kitambaa. Halimo kwenye daftari. Nadhani mtu alimletea mbegu miezi ya mwisho. Wote walinusa, hakuna aliyelijua. Binti hakulitupa, na hakumpa mtu.

Amelileta hapa studio. Liko mezani, mbele yangu. Fundi mitambo wetu anasema linanuka ganda la ndimu lililokauka. Mimi naona kama kitabu kipya. Binti anasema ni mvua ya kwanza juu ya bati. Watatu, majibu matatu.

Kama ni wewe uliyempa Bi Makopo mbegu hii, njoo. Utafumba macho, utanusa, utatutajia jina, nasi tutakupa ulibebe. Usipokuja, tutalimwagilia maji. Lakini haliendi kwenye kikombe cha mtu.